Tani 252 ziwe kilo 22: Garratt ya Changamwe ikiletwa uani

Reli ya zamani haikumpa dereva wa Mombasa nafasi ya kupasha viungo. Ukishavuka Makupa tu, unapanda: Changamwe, Miritini, Mazeras, na njiani kuelekea Nairobi mwinuko unafika asilimia 1.5. Vichwa vya mvuke vya daraja la 59, 34 kwa jumla, vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester kuanzia 1955, vilivuta mzigo wa tani 1,200 kwenye njia hiyo. Piga hesabu. Jumlisha mzigo na kichwa chenyewe cha tani 252. Mteremko peke yake unavuta nyuma kwa karibu tani 22. Kichwa kilivuta kwa karibu tani 38, kwa hiyo kilibaki na akiba ya kushinda msuguano na kona.

Nguvu hiyo ilitokana na umbo. Katika mtindo wa Garratt, boila huning'inia katikati, juu ya fremu inayoegemea injini mbili, moja mbele na moja nyuma. Kwa kuwa chini ya boila hakuna gurudumu, tanuri hupanuliwa na boila hunenepa. Ya 59 ilikuwa na kipenyo cha karibu mita 2.3, juu ya reli zilizoachana mita moja tu! (Vichwa viwili vimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena.)

Sasa chukua marafiki wanaotaka kuiendesha 59 uani Kisauni, kwa mvuke wa kweli. Reli ya milimita 45, inayotumiwa sana na wapenzi wa treni za bustani, inalingana na reli ya mita ukigawanya vipimo kwa 22.5. Mita 31.7 za urefu zinakuwa 1.4. Uzito unagawanywa kwa 22.5 mara tatu mfululizo, ukashuka hadi kilo 22. Mwinuko haupungui hata kidogo: sentimita 15 kwa kila mita 10, kama kule njiani.

Umbo la Garratt linavumilia kupunguzwa. Joto na maji havivumilii. Ujazo wa boila unapungua mara 11,390 lakini ngozi yake mara 506 tu, kwa hiyo kila tone la maji lina ngozi mara 22.5 zaidi ya kupotezea joto. Mvuke unaoingia kwenye silinda baridi hugeuka maji papo hapo, na pistoni haiwezi kuyabana maji. Ndiyo maana kichwa husukumwa kwa mkono mbele na nyuma kabla ya kufungiwa mabehewa, hadi kiteme maji yote kupitia dohani.

Kipimo cha maji nacho hudanganya. Kwenye kijibomba chembamba cha kioo, maji hushikamana na kuta na povu hukwama, ukadhani boila imejaa. Rafiki mmoja apewe kazi ya kukitazama tu.

Hali ya hewa ya pwani inabadilisha mengine. Uingereza wakati wa baridi, gesi ya butani inayochemsha boila ndogo hulegea hadi tangi lake lizungushiwe maji vuguvugu. Kisauni saa saba mchana shinikizo hupanda, na vali ya gesi hufunguliwa kidogo kidogo. Wingu jeupe la picha za Ulaya usilitarajie, maana hewa yetu ya joto huumeza mvuke ukitoka. Maji ya visima vya huku, mengi yana chumvi, yasiguse boila. Kinga ya mvua kutoka kwenye mabati.

Kujaza kuna mpangilio: maji kwanza, kisha mafuta ya silinda, gesi mwisho, mbali na moto. Tangi la gesi hufanywa dogo makusudi, ili moto uzimike wakati boila bado ina maji. Dereva wa 59 angeweza kuongeza maji njiani. Vichwa vingi vidogo vya gesi havina pampu.