Milimita Tatu za Maji

Ripoti ya hali ya hewa ya kiwanja cha ndege, ile METAR, humweleza rubani upepo unatoka wapi, ataona umbali gani, mawingu yako juu kiasi gani. Kama breki zitashika, hilo ni suala la lami, na kwa miaka mingi lilijibiwa kwa maneno. Aliyetangulia kutua alisema breki ni nzuri, za wastani au mbaya. Mwongoza ndege akampasia anayefuata. Mbaya kwa ndege ya uzito gani?

Usiku wa tarehe 8 Desemba 2005, Boeing 737 ya shirika la ndege la Southwest ilitua kwenye theluji katika kiwanja cha Midway, Chicago, upepo ukiisukuma kutoka nyuma. Taarifa za breki zilizowafikia marubani zilipishana. Kompyuta yao ilionyesha kwamba hata breki zikiwa mbaya wangesimama, ila kwa salio la makumi ya futi tu. Wachunguzi walitaja kuchelewa kugeuza msukumo wa injini, nami sibishi; lakini salio jembamba vile halikuwa na nafasi ya kuchelewa. Ndege ilivunja ua, ikatokea barabarani, na mtoto aliyekuwa ndani ya gari akafa.

Ajali hiyo ndiyo iliyowasukuma Wamarekani kutengeneza jedwali jipya la kupima hali ya lami. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilijenga juu yake mfumo wa dunia nzima, ulioanza kutumika tarehe 4 Novemba 2021. Ujanja wake uko hapa: mkaguzi wa njia ya kurukia haanzi kwa kukisia breki. Anaulizwa juu ya lami kuna nini, kina chake, kimeenea kiasi gani. Jedwali humpa namba, kuanzia 6 ya lami kavu hadi 0, na kila theluthi ya njia ya kurukia hupata yake. Hesabu za umbali wa kusimama nazo hufanywa kwa namba hizohizo, kwa hiyo mkaguzi na rubani wanasoma kipimo kimoja.

Kwetu kusikoanguka theluji viwanjani, penye uzito ni milimita 3. Maji yasiyozidi hapo ni 5. Yakizidi, namba haipiti 4 wala 3. Inaangukia 2 moja kwa moja, maana tairi linaweza kuelea juu ya maji.

Kuna mtego mdogo. Kila upande wa njia huitwa kwa namba yake, na ripoti ya maandishi huanzia upande wenye jina la namba ndogo. Kwa njia ya 05/23 ya Dar es Salaam, 5/5/2 inasomwa kutokea 05. Anayetua kwa 23 atakutana na ile 2 kwanza, na mnara humsomea hivyo.

Udhaifu ninaouona ni saa. Mvua ya masika hujaza milimita tatu kabla gari la mkaguzi halijamaliza mzunguko. Ndiyo maana ripoti hubeba muda wa ukaguzi, na rubani aliyetua akikuta breki mbovu kuliko namba iliyotangazwa hutakiwa kusema, ili lami ikaguliwe upya.