Fundi Asiyekimbilia Kupiga Windows

Mafundi wengi wa kompyuta wana jibu moja ambalo huwatoka kabla hujamaliza kueleza shida yako: "Bosi, hii tupige Windows tu." Kioo kinachezacheza? Piga Windows. Video inakwama? Piga Windows. Umechomeka kadi ya grafiki na draiva imegoma kuingia? Leta flashi, tupige Windows. Jioni unarudishiwa mashine tupu kama imetoka dukani, picha za harusi ya dada yako zimekwenda na maji, na draiva, mara nyingi, bado imegoma.

Nimekusudia kumsifu fundi mwingine, yule ambaye akiletewa mashine ya namna hiyo huvuta kiti, akakaa, akaanza kusoma. Wa aina hii ni wachache na hawana mabango. Kazi yao haionekani, kwa kuwa anayewatazama kwa mbali humwona mtu aliyekodolea macho kioo nusu saa nzima bila kushika bisibisi. Mteja hukereka, akaanza kujiuliza analipia nini.

Kadi ya grafiki na Windows hazifahamiani hata kidogo mpaka draiva ikae katikati yake. Draiva ndiyo programu inayochukua amri za Windows na kuzifikisha kwa namna ambayo kadi hiyo, wala si nyingine, inazielewa. Ikikosekana, Windows haikuachi gizani. Tangu toleo la 8 imekuwa na draiva ya akiba iitwayo Microsoft Basic Display Adapter, ambayo huwasha kioo na basi. Herufi zinakuwa nono, video inakatika, gemu halifunguki. Ndipo mwenye mashine anapojinyima bando, anapakua faili la mamia ya megabaiti kutoka NVIDIA, AMD au Intel, anabofya mpaka mwisho, na mwisho wenyewe unamwambia kwamba usakinishaji umeshindikana. Haambiwi kwa nini.

Sababu ipo, ila imeandikwa kwingine. Fungua Device Manager, bofya mara mbili kwenye kadi yenye kipembetatu cha njano, utakuta sentensi fupi na namba kwenye mabano. Namba 28 inasema kifaa hakina draiva kabisa. Namba 12 inasema kifaa kimekosa nafasi ya kutosha ya kufanyia kazi ndani ya mashine. Namba 52 inasema draiva ipo, lakini Windows imeshindwa kuthibitisha sahihi yake ya kidijitali. Na 43, ambayo hata fundi mzoefu akiiona huguna, inasema kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu, Windows ikakisimamisha. Kwa mwenye mashine zote nne ni kitu kimoja: haifanyi kazi. Kwa fundi ni safari nne zisizokutana. Ya 28 huenda ikaisha kwa faili sahihi tu. Ya 43 inaweza kukupeleka kwenye waya wa umeme, kwenye vumbi, au kwenye kadi iliyokwisha kufa. Anayepiga Windows kwa zote nne amebomoa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama.

Baada ya namba ya kosa, fundi huyu hutafuta kadi ni nani hasa, na hapo haamini stika wala boksi. Katika dirisha lilelile kuna mstari unaoanza na PCI\VEN_, na alama nne zinazofuata humtaja aliyetengeneza chipu: 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel. Nakiri nina mapenzi na alama hizi. 8086 ni jina la prosesa ya Intel ya mwaka 1978, iliyozaa ukoo mzima wa prosesa za kompyuta zetu za mezani. 1002 ilikuwa ya ATI, kampuni ya Kanada iliyonunuliwa na AMD mwaka 2006. Jina la ATI limekwisha kufutwa kwenye maboksi, lakini Radeon ya leo bado hujitambulisha kwa alama ya ukoo wake wa zamani. Kisha huja DEV_ na alama nne nyingine, na hizo hukutajia chipu yenyewe. Draiva nayo ina faili la INF, maandishi matupu ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua, lenye orodha ya kadi inazozikubali. Kama yako haimo, kisakinishi kitadai hakijaona kadi inayofaa, na kadi iko mbele yako inazungusha feni.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya maelekezo havilitaji. Kompyuta nyingi za mezani majumbani ni mtumba wa ofisi: Dell OptiPlex na HP za umbo jembamba zilizostaafu ng'ambo kabla hazijafika Kariakoo au Luthuli Avenue. Ni mashine imara, sina ugomvi nazo, ila zilijengwa kwa ajili ya barua na hesabu. OptiPlex 7010 ya umbo dogo ina power supply ya wati 240. Tundu la kadi kwenye mazabodi, kwa kanuni za PCI Express, hutoa wati 75 tu kwa upeo wake. Kadi inayotaka zaidi lazima iletewe waya wake yenyewe, na power supply za ofisi kwa kawaida hazina waya huo. Kijana ananunua kadi nene ya gemu, anaokoteza adapta, anachomeka. Mashine inawaka vizuri, kwa kuwa draiva ya akiba haiitumikishi kadi. Draiva kamili ikishaingia ndipo kadi inapoamka na kudai haki yake yote ya umeme. Kioo kinazima, na lawama zote zinaiangukia draiva.

Fundi mmoja ninayemfahamu hapa Dar es Salaam, mtu wa maneno machache, huanza na maswali kabla ya kuwasha chochote. Umeme ulikatika wakati inaingia? Kabla ya hii kulikuwa na kadi nyingine? Intaneti ilikuwa wazi? Mteja huyaona maswali ya kuzugia, lakini kila moja lina kazi. Umeme ukikatika katikati, mafaili nusu yanabaki, na draiva inayofuata inajikwaa juu yake. Kadi ya zamani ikiwa ya kampuni nyingine, masalia yake hubaki hata baada ya kuondolewa kwa njia ya kawaida. Na intaneti ikiwa wazi, Windows Update inaweza kuleta draiva yake kimyakimya wakati wewe unaweka yako, mbili zikagombea mahali pamoja.

Kwa hiyo huchomoa kebo ya intaneti, huingia hali salama, na huendesha programu iitwayo Display Driver Uninstaller, ambayo mafundi duniani kote wanaijua kwa herufi zake tatu, DDU. Inafagia mafaili, rejista na folda ambazo mtu wa kawaida hajui zipo. Kisha huwasha upya na kuweka draiva kwa utulivu, bila programu nyingine kufunguliwa. Mara nyingi kazi huishia hapo. Isipoisha, hufungua folda ya INF ndani ya Windows na kutoa faili la setupapi.dev.log. Ni daftari ambamo Windows huandika kila hatua ya kuweka kifaa, maelfu ya mistari, na makosa huwekewa alama tatu za mshangao mwanzoni mwa mstari. Huzitafuta hizo, husoma mistari kumi ya juu yake na kumi ya chini. Nimemwona akiisoma kwa sauti ya chini, kidole kikitembea juu ya kioo, na sijawahi kumwona akiruka mstari.

Siku nyingine nilimkuta na mashine ya mama mmoja anayehariri video za kwaya. Namba 43. Draiva ilikuwa sahihi, imefagiwa na kurudishwa, na kosa liko palepale.

"Mama, kadi hii ilikuwa inakaa wapi?"

"Kabatini, mwanangu. Kigamboni, tangu kaka yako asafiri."

Hakuuliza zaidi. Alizima, akachomoa waya wa umeme, akaitoa kadi na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Yale meno ya dhahabu yanayoingia kwenye tundu yalikuwa yamepiga weusi kama ukungu. Chumvi ya pwani haibagui chuma. Akatoa ufutio wa penseli, akayasugua pole pole kwa upande mmoja tu, toka ndani kwenda nje, akapuliza vumbi, akapitisha kitambaa chenye spiriti, akasubiri yakauke. Akairudisha mpaka kilimi cha tundu kikalia tik. Mashine ilipowaka, kile kipembetatu hakikuwepo. Mama alitaka kujua ameweka draiva gani. "Ileile, mama," akamjibu.

Kuna nyakati, hata hivyo, draiva hugoma kwa haki. Soko limejaa kadi zinazouzwa kwa jina la GeForce GTX 1050 Ti, kadi iliyotoka mwaka 2016, kumbe ndani mna chipu ya GTS 450 ya mwaka 2010 ambayo BIOS yake imeandikwa upya ili itoe jina la uongo. Ya kweli ina viini 768 vya kukokotoa. GTS 450 ina 192. Windows inaweza kuonyesha jina lile la bandia bila wasiwasi, na mnunuzi akafurahi. Ni draiva rasmi inayokataa kuingia. Muuzaji hujua, ndiyo maana hukupa CD yenye draiva iliyochakachuliwa na kukusihi usiisasishe kamwe. Programu ndogo ya bure, GPU-Z, tangu mwaka 2018 huwatambua matapeli hawa na kuandika wazi kwamba kadi ni feki. Lakini fundi mwenye jicho haihitaji hata hiyo. Hutazama nyuma ya kadi. Akikuta tundu la bluu la VGA, hurudisha kadi mkononi mwa mwenyewe, kwa sababu chipu za kizazi cha 1050 Ti hazitoi mawimbi ya analogi kabisa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilijitembeza kwa nusu bei.

Ukweli wa umri nao wenye kadi wengi hawataki kuusikia. Wanaamini draiva mpya kuliko zote ndiyo bora kuliko zote. Kadi za NVIDIA za familia ya Fermi ziliishia kwenye draiva za tawi la 390. Za Kepler zikaishia tawi la 470, na tangu Oktoba 2021 draiva mpya za magemu hazizijali. Ukiwa na GT 640 ya Kepler, ukahangaika kuiwekea draiva ya mwezi huu, utakesha bure. Windows 7 nayo isipopata sasisho la kuiwezesha kusoma sahihi za SHA-2, itaikataa draiva nzima nzima kwa kuiona haina mwenyewe. Fundi anayesoma hukutafutia ile ya zamani iliyo sahihi, huihifadhi kwenye flashi na kuiandika jina.

Mwenye kuona aibu kwa kushindwa na draiva ajue yuko na wakubwa. Nyaraka za ndani za Microsoft zilizotoka hadharani mwaka 2008 kwa njia ya kesi mahakamani zilionyesha kwamba zaidi ya robo ya migomo ya Windows Vista iliyorekodiwa ilitokana na draiva za NVIDIA. Linus Torvalds, baba wa Linux, aliitukana kampuni hiyohiyo mbele ya kamera nchini Finland mwaka 2012, na kidole akaonyesha; miaka kumi ilipita kabla haijafungua msimbo wa sehemu ya draiva zake za Linux, Mei 2022. Hawa ni watu wanaolala na kuamka na kompyuta.

Sisemi kupiga Windows ni dhambi. Mfumo ulioliwa sana na virusi mara nyingi hauna dawa nyingine. Ninachokataa ni kuanzia hapo. Fundi aliyesoma akafika kwenye uamuzi huo atakuambia kwa nini, na atakuuliza picha zako ziko wapi kabla hajagusa kitu.

Basi ukipeleka mashine yako kwa fundi, muulize swali moja kabla hujamwachia: ameona namba gani? Akikutajia na kukueleza inamaanisha nini, mwachie na uende zako. Kesho umlipe malipo kamili hata kama kazi ilikuwa ya dakika kumi na ufutio wa shilingi mia mbili. Akisema tupige Windows na mashine bado haijawashwa, funga begi lako uondoke nayo.