Asante kwa Mvua Ipi?

Filamu nyingi za tabianchi hupenda kutuonyesha mbingu. Ardhi iliyopasuka, mzoga wa ng'ombe, droni ikipaa juu ya mabati, halafu sauti nzito ya mtu ambaye hajawahi kupanga foleni ya maji na mtungi ikituambia kwamba dunia iko hatarini. Unatoka hapo umehuzunika, sawa, lakini hujui nani anamdai nani.

Thank You for the Rain, iliyotoka mwaka wa 2017, inaponea hapo kwa sababu rahisi: kamera ilikuwa mkononi mwa mwenye shamba. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo kule Kitui, alijirekodi yeye na familia yake kwa miaka kadhaa, na mwelekezi Julia Dahr kutoka Norway akaziunganisha picha hizo na zake. Kamera ya Kisilu haipai. Inakaa chini karibu na vumbi na watoto, inatetemeka, wakati mwingine haioni vizuri. Mtu anayeishi ndani ya shida hana nafasi ya kurudi nyuma hatua kumi ili picha itoke poa.

Kilichonishika zaidi ni jinsi filamu hii inavyofanya ukame uonekane kama hesabu ya nyumbani. Hapa ningetaka ikae zaidi, kwa sababu ndipo mambo yalipo. Fikiria msimu mmoja tu ukifeli. Mbegu umeshanunua na shamba umeshalima, mvua haiji. Sasa lazima ununue unga, na kila jirani pia ananunua, kwa hivyo bei inapanda. Unaamua kuuza mbuzi, na kila jirani pia anauza, kwa hivyo mbuzi anaenda kwa bei ya kutupa. Karo haingoji. Unakopa. Mwaka ujao mvua ikinyesha vizuri, mavuno yanaenda kulipa deni la mwaka ambao haikunyesha. Mwenye mshahara anakutana na ukame huohuo akiwa dukani, analalamika kidogo kuhusu bei ya sukuma wiki, anaenda zake. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 wakafa. Aliyekuwa na akaunti ya benki na aliyekuwa na mbuzi hawakupitia ukame mmoja, ingawa jua lilikuwa lilelile.

Filamu inanikwaza inapoanza kumpenda shujaa wake kupita kiasi. Kisilu anahamasisha wanakijiji, wanapanda miti, dhoruba inaharibu nyumba yao, na bado anasimama. Ni mtu wa kupendeza, hilo sipingi. Lakini kadiri safari yake inavyokuwa ndefu, ndivyo Christina, mkewe, anavyobaki na shamba, watoto na hasira yake ya haki. Nafikiri yeye ndiye mchambuzi mkali zaidi kwenye filamu nzima, na angepewa dakika nyingi zaidi. Anauliza kwa maneno yake, na mara nyingine kwa uso tu: hii kazi ya kuokoa dunia inalipwa na nani? Kwake jibu liko wazi, maana ndiye anayeilipa kwa mgongo wake. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo mniwie radhi nikiwa na wasiwasi na kila hadithi inayodai kwamba bidii ya mtu mmoja itatosha.

Halafu inakuja Paris, Desemba 2015, mkutano wa COP21. Kila mtu aliniambia hiki ndicho kilele cha filamu. Mimi naona ndipo inapolegea, kwa sababu inatuachia sura ya Kisilu aliyevunjika moyo bila kutupeleka kwa karatasi iliyomvunja. Karatasi yenyewe ipo. Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Paris kinatambua hasara na uharibifu unaoletwa na tabianchi. Vizuri. Lakini uamuzi uliopitishwa pamoja na mkataba huo, aya ya 51, unasema kwamba kifungu hicho hakiwezi kuwa msingi wa kudai dhima wala fidia. Yaani tunakubali nyumba yako imeharibika, tunakubali si wewe uliyewasha moto, lakini usituulize pesa. Bara la Afrika lote linatoa chini ya asilimia 4 ya gesi zinazopasha dunia joto. Hazina ya hasara na uharibifu ilikubaliwa Misri mwaka wa 2022, na ilipozinduliwa Dubai mwaka uliofuata Marekani iliahidi dola milioni 17.5. Nchi nzima hiyo, manze.

Na bado kuna pengo lingine ambalo filamu inaliruka, na kwangu ndilo kubwa: inachora mstari kutoka Kitui moja kwa moja hadi Ulaya, na Nairobi inapitwa tu kama uwanja wa ndege. Maskini wako huku, matajiri wako kule ng'ambo. Hadithi hiyo inawafaa sana viongozi wetu. Septemba 2023 walikutana KICC kwa kongamano la Afrika la tabianchi, wakazungumza vizuri kabisa kuhusu haki na madeni. Miezi saba baadaye Mto Mathare ulivunja kingo usiku, mwezi wa Aprili 2024. Mafuriko ya msimu huo yaliua karibu watu 300 kote nchini kwa hesabu ya serikali yenyewe.

Kilichofuata maji ni tingatinga. Watu waliambiwa wako ndani ya mita 30 za mto, waondoke, na Rais akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia. Nenda ukaulize deposit na kodi ya mwezi wa kwanza ni pesa ngapi, hata kwa chumba cha mabati, kisha uongeze godoro, sufuria na sare za shule. Na hakuna aliyejenga kando ya mto kwa sababu anapenda mandhari. Alijenga pale, au alipanga pale, kwa sababu ndipo kodi iliposhuka, na ilishuka kwa sababu mto ulikuwa pale. Hatari ilikuwa ndani ya bei tangu siku ya kwanza. Landilodi aliijua, mpangaji aliijua, na aliyekuja na tingatinga aliijua.

Kwa hivyo kichwa cha filamu hii kinasomeka tofauti ukiwa kwa graundi. Kitui mtu anaisubiri mvua ili amshukuru Mungu. Mathare mvua hiyohiyo ikianza kugonga mabati saa nane usiku, watu wanaamka, wanapandisha godoro juu ya meza, wanasikiliza mto.

Filamu ya usiku huo haijatengenezwa, angalau si ile ninayoitaka. Picha zilikuwepo. Watu walijirekodi kwa simu, maji yakiwa kiunoni, tochi moja, mtoto mgongoni, wakaziweka kwa status ya WhatsApp ambayo hufutika baada ya saa 24. Kisilu alipata mtu wa kukaa naye miaka na kuhariri. Wengi wa wale wa Mathare hata simu zenyewe zilienda na maji.