Kopo Linasema "Inang'arisha": Tulisome Mpaka Nyuma

Ukiacha meseji za simu na orodha za mgao, nadhani maandishi yanayosomwa kwa makini zaidi hapa Nakivale ni ya kopo la mafuta ya kupaka. Angalia wadada pale Base Camp: wanaligeuza, wanabishana, wanalirudisha. Basi tulichambue kama tunavyochambua hadithi: linasema nini, na linaficha nini?

Mbele, kwa Kiingereza au Kifaransa, kuna ahadi: kung'arisha, tena kwa upole. Kiswahili chetu hakina adabu hiyo. Kinasema kujichubua, kinasema mkorogo. Waliotunga maneno hayo walishaona matokeo: zebaki inaharibu figo, na haidrokwinoni ikipakwa muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka. "Kung'arisha" ni neno lililokuja kujitenga na hayo.

Je, ni uongo? Kwa kopo lenye niasinamidi, si uongo wote. Hiyo ni aina ya vitamini B3. Haiui rangi ya ngozi. Inapunguza tu kasi ya rangi kupita kutoka seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu. Alama za chunusi zinafifia polepole, kwa wiki nyingi. Lakini rangi uliyozaliwa nayo haiibadilishi, na yule binti mweupe wa kwenye picha hakutokana nayo. Hapo ndo mbele panadanganya. Sasa geuza nyuma: viungo huanza na kilicho kingi, kinafuata kidogo. Ukikuta niasinamidi imeandikwa mkiani, baada ya manukato, ujue umelipia manukato, dada.

Ila kosa kubwa la maandishi haya ni kusema habari za B3 kana kwamba ni urembo peke yake. Sisi wakimbizi tuna historia nyingine nayo. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wanaishi kwa mgao wa mahindi. Karanga, zilizokuwa zikiwapa vitamini hiyo, zilikatika. Mahindi nayo yana B3 iliyofungwa, mwili hauipati vizuri. Zaidi ya watu 17,000 wakapata pelagra: ngozi ya shingo na mikono inakuwa nyeusi, inapasuka panapopigwa na jua, tumbo linaharisha, na akili inaweza kuvurugika. Dawa yao ilikuwa niasinamidi hiyohiyo, ya kumeza, na karanga kurudi.

Kwa hiyo kitu kinachouzwa kwenye maduka ya Mbarara kama siri ya ngozi nzuri, kwa wenzetu kilikuwa chakula kilichokosekana. Kopo haliwezi kutuambia hivyo, kwa sababu linamwona msomaji ni uso tu. Halimwoni mwenye tumbo.

Wafanyakazi wa mashirika nao wana maandishi yao: mabango ya kutukataza kujichubua. Yana ukweli, lakini yana kasoro ileile ya kopo, yanaanzia na kuishia usoni. Tangu 2023 mgao Uganda umepangwa kwa makundi, wengine wakapunguziwa, wengine wakatolewa kabisa. Bango zuri lingeanza hapo: nyumba hii ina karanga, samaki, maharage kiasi gani? Halafu ndo tuongee mafuta.