Mstari wa Mgongo: Fani ya Pikipiki ya Wazi

Pikipiki isomwe kuanzia nyuma. Dukani Kariakoo muuzaji atakusimamisha mbele ya taa, kisha akuwashie injini uusikie mlio. Lakini hapa Dar es Salaam wengi wetu tumeijua pikipiki tukiwa nyuma ya dereva, na fani yake huanza kujulikana pale tangi linapokwisha na siti inapoanza. Mstari huo wa mgongo, kutoka kwenye kifuniko cha mafuta hadi taa nyekundu ya nyuma, ndio unaosema mchoraji alimfikiria nani.

Nazungumzia pikipiki za wazi, zisizovikwa mabamba ubavuni: injini na fremu zinaonekana, usukani uko juu, dereva ameketi wima. Huko Ulaya umbo hili lilipata heshima mpya mwaka 1993, Ducati ilipoanza kuuza Monster iliyochorwa na Miguel Galluzzi. Huku Mbagala halikuhitaji kuzinduliwa. Pikipiki za Boksa na TVS zilikuwa wazi tangu ziliposhuka kwenye boksi, na hakuna mwendesha boda aliyewahi kuulizia bamba la kufunika injini.

Sasa yupo mtu wa Tegeta au Chamazi anayetaka pikipiki ya kati, ya cc 300 hadi 400, ya kwendea kazini na si ya biashara. Achague ipi? Ili nilijibu swali hili nimeweka pamoja kazi tatu za kampuni moja, Bajaj ya India: Boxer BM 150 (Boksa yetu, niliyoiweka kama kipimo), KTM Duke 390 na Triumph Speed 400. KTM ni jina la Austria na Triumph ni la Uingereza, lakini Duke 390 iliyoingia sokoni 2013 na Speed 400 ya 2023 zote mbili huundwa na Bajaj huko Chakan, karibu na Pune. Mikono ni ile ile. Kinachotofautiana ni mtu aliyekusudiwa.

Itazame kwanza Boksa kwa upande wa kushoto, upande ambao abiria hupandia. Tangi linashuka taratibu, siti inapokea, kisha inalala ndefu na karibu bapa mpaka kwenye keria ya chuma. Hakuna ngazi wala mpaka kati ya dereva na abiria. Dereva akisogea mbele kidogo, mama na mtoto wanaenea. Akisogea zaidi, unakuwa mshikaki wa watu waliobanana, na hapo zile shokapu mbili za nyuma zinabonyea mbele ya macho ya kila mtu, springi ndani ya springi. Eksozi imepita kulia. India huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo abiria anayepanda akitokea pembeni mwa barabara anakuta bomba la moto liko upande wa pili. Mwenye kovu kwenye kigimbi mara nyingi alipandia au kushukia upande usio wake. Kanuni za Tanzania za mwaka 2010 zilipoitambua pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria, zilikuta siti ya namna hii imeshaamua zamani.

Hata mapezi ya injini yake ni ya kazi. Silinda ya cc 144.8 hupozwa na upepo, na joto lazima litokee kwenye mapezi hayo. Ndiyo maana fundi hukwangua tope lililoganda hapo kabla ya jambo jingine lolote. Kwenye Boksa sioni kiungo kilichowekwa kwa ajili ya macho.

Udhaifu wake uko kwenye kusimama na kukimbia. Breki za dramu, tairi nyembamba na nguvu ya farasi 12 hazitoshi ukiwa Barabara ya Bagamoyo, lori la mchanga nyuma yako na daladala imekata ghafla mbele kushusha abiria. Anayetafuta pikipiki kubwa zaidi kwa sababu hiyo ana haki kabisa.

Duke 390, ukiikata katikati, nusu yake ya mbele ni kazi bora. Fremu ya mabomba ya rangi ya chungwa imeachwa nje na inaonyesha jinsi uzito unavyobebwa; injini ya silinda moja, iliyokuwa ya cc 373 katika matoleo mawili ya kwanza, yenye nguvu ya farasi zaidi ya 40, haikujificha, na rejeta imekaa mbele bila aibu. Toleo la kwanza lilificha eksozi chini ya tumbo la injini, mahali ambapo madimbwi ya masika na mawe ya barabara za ndani hugonga kwanza. Toleo la 2017 liliitoa kuiweka kulia. Lakini mstari wa mgongo haukuponywa. Baada ya siti ya dereva unapanda ghafla, siti inakatika vipande viwili, na kile cha abiria ni kidogo, kiko juu, na mkia unaishia hewani. Kila mchoro unavuta mbele, ndiyo maana Duke huonekana inakimbia hata ikiwa imeegeshwa. Kwa mtu mmoja, fani hiyo imekamilika. Mpakie mkeo kutoka Rangi Tatu kuingia ndani Charambe: kwenye kila tuta anakuangukia mgongoni, magoti yamepanda, ameshikilia mabega yako. Injini imeoneshwa, mtu wa nyuma amesahauliwa.

Speed 400 inaurudisha ule mstari. Siti ni moja, imeinama kidogo tu katikati, na urefu wake kutoka chini, milimita 790 katika toleo la 2023, unakuruhusu kukanyaga ardhi pale tairi linapozama mchangani. Mbele kuna diski ya milimita 300 yenye ABS, na injini ya cc 398 inatoa nguvu ya farasi 40. Kasoro yake ninaiona na inaniudhi: silinda hiyo hupozwa kwa maji, lakini imechongewa mapezi ili ifanane na Triumph za zamani. Ni pambo linalojifanya kiungo. Hata hivyo pambo hilo halimuumizi mtu, na mkia wa Duke humuumiza abiria kila siku. Kwa hiyo nachagua Speed 400, kwa sharti kwamba kabla ya kulipa uwe umeshaongea na fundi. Kabureta ya Boksa hufunguliwa palepale kijiweni. Injini za Duke na Speed 400 huingiza mafuta kwa mfumo wa umeme, na hitilafu yake inahitaji kompyuta ya kuisoma.

Kisha kuna keria, ambayo Speed 400 haiji nayo na ambayo hakuna nyumba ya Temeke itakayoishi bila hiyo. Atakayeichomelea aifuate siti, usawa ule ule, asiinyanyue juu kama mkia wa Duke.