Kiboko Anayecheka

Binti yangu ana miaka minne, umri uleule wa Akili. Jioni moja tukiwa kwa mama yangu, huku Majita, aliinua macho kutoka kwenye simu akauliza: "Baba, kiboko wa hapa naye anaongea?"

Nilimjibu kwamba wa ziwani haongei, nikadhani nimemaliza.

Kwa wasio na watoto wadogo ndani ya nyumba: Akili ni msichana wa katuni iitwayo Akili and Me, inayotengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, walewale waliotuletea Ubongo Kids mwaka 2014. Anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala huingia nchi ya ndotoni ambako rafiki zake ni wanyama. Mmoja wao ni kiboko, mnene na mchangamfu. Nimezitazama katuni hizi mara nyingi kuliko filamu yoyote ya watu wazima, na niseme mapema kwamba nazipenda. Watoto wamo wa rangi yetu, Kiswahili kimo, na mtoto akikosea hakuna anayemchapa.

Hili la mwisho si dogo. Nilipokuwa shule ya msingi tulikuwa na kabati la vitabu vya hadithi, na ufunguo wake alikuwa nao mwalimu mmoja ambaye mara nyingi hakuwepo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza nchini mwaka 1991, ukawa unanunua sehemu ya nakala kwa wachapishaji na kuzigawa shuleni, kwa hiyo naamini vitabu vizuri vilikuwepo. Mimi nilivyobahatika kuvishika vingi vilikuwa na mtindo mmoja: mtoto mtundu haambiliki, anaenda alikokatazwa, anavunjika mguu, anaomba msamaha. Ukishasoma vitatu unajua mguu utavunjika ukurasa wa ngapi. Akili haandikiwi hivyo. Anajaribu, anakosea, anajaribu tena, na hakuna anayesubiri kumwambia "nilikuambia."

Lakini mtu aliyekulia kando ya ziwa hili hawezi kumtazama yule kiboko kwa utulivu. Huku kiboko ni viazi vilivyokanyagwa usiku. Ni mtumbwi uliopinduliwa. Mvuvi anayerudi gizani anajua kona za matete za kupita mbali, na mtoto anayetumwa maji anafundishwa kuyatazama kwanza ndipo ainame na ndoo.

Nimejiuliza kama naonea katuni. Hadithi zetu zenyewe zimejaa wanyama wanaoongea, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba sungura hana shamba la kweli. Tofauti nadhani iko hapa: katika hadithi za mama yangu mnyama huongea, lakini kuongea hakumfanyi awe salama. Fisi anabisha hodi kwa adabu zote, anasalimia vizuri, na bado amekuja kula mtoto. Katuni inampa mnyama maneno na kumnyang'anya meno. Kwa mtoto wa ghorofani Kariakoo hilo halina madhara. Kwa wa Suguti, mtu mzima inabidi aongeze meno mwenyewe, na mimi jioni ile sikuongeza.

Mama aliongeza. Kumbe alikuwa amesikia. "Njoo hapa mke mwenzangu," alimwita, "nikueleze habari za huyo kiboko wako." Nikazima simu (bando lilikuwa linakaribia kuisha, nisijisifu).

Kilichonishangaza si hadithi bali subira yake. Akifika mahali anasimama, anasubiri mtoto aitikie. Asipoitikia, haendelei. Akili naye huuliza mtazamaji swali na kunyamaza kidogo, ni ufundi mzuri, ila ule ukimya umepimwa studio. Jibu, usijibu, sinzia, toka nje kukojoa, pongezi zitakuja palepale. Mama alisubiri hadi nikaona aibu kwa niaba ya binti yangu. Mwishowe mtoto akaitikia, na kiboko akapiga hatua moja kuelekea shambani.

Tatizo lilikuwa lugha. Mama anasimulia kwa Kijita. Binti yangu anajua Kiswahili. Nikageuka mkalimani, kama wale wa vibanda umiza tulikotazama filamu za Kichina utotoni, mtu mmoja akipaza sauti juu ya sauti za waigizaji. Hayati Lufufu alijijengea jina kwa kazi hiyo. Yeye alikuwa anaongeza utamu. Mimi nilikuwa napunguza. Kulikuwa na neno la Kijita la sauti ya kiboko anapopenya majani akitoka majini, mama alilirudia mara tatu, kila mara kwa kina zaidi, nami nikatafsiri: "akatoka majini." Mama alinitazama tu.

Ng'ambo ya maji kutoka kwetu ni Ukerewe, alikoishi Aniceti Kitereza. Aliandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, na hakupata wa kuichapisha. Ikabidi aiweke kwenye Kiswahili yeye mwenyewe. Ilitoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla ya nakala kumfikia. Miaka 35 ya kungoja inaumiza, lakini ninachomwonea wivu ni kwamba alizijua lugha zote mbili hadi chini, akaweza kuvusha mzigo mzima. Mimi ndiye daraja kati ya mama na binti yangu, na nina mashimo.

Usiku huo mtoto alimwambia bibi yake "rudisha nyuma," kama simu. Bibi akaanza upya, ila safari hii kiboko alikwenda shamba la jirani. Mtoto akapinga, si huko! "Leo ameshiba kwetu," bibi akasema, na ikabidi nitafsiri hilo pia.

Asubuhi tulishuka ziwani, mimi na binti yangu. Alisimama hatua kadhaa kabla ya maji, akayatazama, kisha akaniuliza bibi alisemaje ile sauti ya kiboko. Nikajaribu. Akasema siyo hiyo. Nikajaribu tena. Tukapanda kwenda kumuuliza bibi mwenyewe, tukakuta ameshaondoka kwenda shamba.