Kifua cha Kware Hakisomwi Siku ya Kwanza

Kifaranga wa kware wa Kijapani huanguliwa baada ya siku 17 hivi. Mwili wake hauzidi gramu 10, na mgongoni ana michirizi ya kahawia na manjano. Dume na jike wamefanana kama punje za mtama. Wakenya walipoukimbilia ufugaji wa kware mwaka 2013, fedha ilikuwa kwenye mayai, na dume hatagi.

Basi dume hutofautishwaje na jike? Jibu liko kifuani, ila linahitaji takriban wiki 3. Manyoya ya utotoni yanapopukutika, kifua cha dume huvaa rangi ya kutu, sare, bila doa. Cha jike huwa na rangi ya mchanga iliyonyunyiziwa madoa meusi, hasa karibu na koo. Mfugaji humshika ndege kiganjani, humgeuza chali, hutazama. Kazi ya sekunde chache, lakini ifanyike kwenye mwanga wa mchana: chini ya taa nyekundu ya kuwapashia vifaranga joto, kutu na mchanga huonekana kitu kimoja.

Kware weupe huvuruga hesabu yote hiyo. Kifua chao hakina la kusema, kwa hiyo inabidi kungoja hadi wiki ya 5 au ya 6 na kuangalia juu ya tundu la haja. Dume aliyepevuka ana uvimbe mwekundu pale. Ukibonyezwa taratibu hutoa povu jeupe. Uvimbe huo ni tezi inayokuzwa na homoni ya kiume, na homoni hiyo hufuata urefu wa mchana. Ndiyo maana madume wa Ulaya wasiowashiwa taa wakati wa baridi tezi zao hunywea. Povu likionekana, huyo ni dume bila shaka. Lisipoonekana kwa ndege mchanga, bado si ushahidi kwamba ni jike, na hapa ndipo wengi hukosea.

Je, siku ya kwanza haiwezekani kabisa? Inawezekana, kwa njia ya werevu wa kupendeza. Kwa ndege, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, Z na W. Dume ana Z mbili. Binti hupata Z yake kwa baba peke yake. Basi baba wa aina ya kahawia, ambayo rangi yake hubebwa na Z, akipandana na mama wa rangi ya kawaida, mabinti wote huanguliwa kahawia na wana wa kiume huanguliwa na rangi ya mama. Wazazi wakibadilishana rangi, vifaranga wote hutoka wa kawaida na mbinu hiyo haifai kitu.

Lakini mashamba mengi madogo hayatunzi kumbukumbu za wazazi kiasi hicho. Madume wakizidi kizimbani, hudonoana vichwa hadi damu, na chakula wanachokula hakirudi kama yai. Anayetaka mayai asubiri ndege wa wiki 4, awageuze mmoja mmoja juani kabla ya kulipa, na akitaka mayai ya kuangua, kwa kila dume 1 achukue majike 3 au 4.